Harage Lisilale Kifudifudi

Mama Monitrisi hakuweza kuingia mahali bila kumsalimia kila aliyemo. Nasema hakuweza, sisemi hakutaka. Mkono wake wa kulia ulitangulia mlangoni kabla ya uso, na ukishaupokea basi tena: utaulizwa umelalaje, mama yako anaendeleaje, maharage yenu yametoa maua au bado. Akimalizana na wewe anakwenda kwa wa pili, kwa wa tatu, mpaka kwa mtoto aliye mgongoni, hata kama mtoto amelala. Padri wetu alijifunza kutoanza misa kabla ya kuhakikisha kwamba mama huyu ameshaketi. Akichelewa, angeanzia benchi la nyuma kabisa na kuja mbele taratibu akipeana mikono, na waumini wangemgeukia yeye.

Miaka ya sitini ilikuwa inaelekea ukingoni, nami nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu karibu na Lushebere, kwenye milima ya Masisi. Yeye alifundisha wasichana kushona na kupika katika jengo dogo la pembeni tuliloliita fuaye. Walimu wa kike wa aina yake waliitwa monitrisi, neno tuliloachiwa na Wabelgiji pamoja na vyerehani vibovu. Jina lake la ubatizo sikuwahi kulisikia likitumika. Wanafunzi walimwita Mama Monitrisi, wazazi vilevile, na mimi na mke wangu, tuliotenganishwa na bustani yake kwa mfereji tu, tulimwita hivyohivyo.

Alikuja inspekta siku moja kutoka Goma, na gari lake la jipu na haraka zake. Direkta, mkuu wa shule yetu, alikuwa ametupanga uwanjani tangu asubuhi. Inspekta akatupita, akataka kuingia darasani, mkono wa Mama Monitrisi ukamdaka njiani.

"Jambo, Papa. Mama yenu anaendelea muzuri?"

"Anaendelea, Mama. Aksanti."

"Na maharagi yenu ku Goma, ilishatoa maua?"

"Miye silimi, Mama. Niko muntu ya biro, ya kukaa ku meza."

"Hamulimi hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Pole sana, Papa," akasema, kwa sauti ileile aliyoitumia misibani. Inspekta alipomaliza kazi yake alikuta kitunga cha mbegu kwenye kiti cha jipu, akaondoka nacho, maana angefanyaje? Direkta hakulala kwa aibu. Mimi nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, na hadi leo nikimkumbuka yule inspekta akishuka kilima na kitunga chake nacheka tena.

Jumamosi ilikuwa siku yake ya wagonjwa. Hakuhitaji kuwajua. Ilitosha asikie kwamba kilima fulani kuna mtu analala mchana, basi asubuhi angefunga safari na chungu chake kichwani, uji au maharage na ndizi, kimefunikwa kwa majani ya mgomba. Niliwahi kumwambia kwamba angeweza kwenda tu kuwapa pole, chungu akikiacha nyumbani, njia zenyewe zilivyo za utelezi. Aliniangalia kama nimetukana.

"Mwalimu, muntu anaenda kwa mugonjwa mikono mitupu, anaenda kumuangalia tu. Mugonjwa haiko kitu ya kuangalia."

Na chakula kilichotoka nyumbani kwa ajili ya mgonjwa hakirudi. Hilo kwetu milimani wengi wanalishika, kwa kuogopa kwamba kikirudi kitarudi na ugonjwa, lakini yeye alilishika kuliko wote. Akimkosa mgonjwa nyumbani, alimfuata alikokwenda. Kuna mzee mmoja aliyepona homa akaenda zake sokoni kuuza mbuzi. Alifuatwa hukohuko, akakalishwa kwenye jiwe, akanyweshwa uji wote mbele ya wateja wake. Mbuzi hakuuzika siku ile, kila mtu alikuwa anamtazama mwenye mbuzi.

Msidhani lakini kwamba alikuwa mpole. Huruma yake yote iliishia kwa wagonjwa, na sisi wazima tulibakiziwa makombo. Nilivimba shavu wiki nzima kwa jino, nikapitapita mbele ya bustani yake nikitarajia angalau kikombe cha uji. Akaniinulia macho kutoka kwenye matuta. "Ile ni jino, Mwalimu. Jino haiko ugonjwa." Akarudi kulima. Direkta mwenyewe alisimamishwa kwenye mvua nje ya fuaye mpaka msichana mmoja aliyekuwa na homa amalize kufunikwa na kulishwa. Alipolalamika alijibiwa neno ambalo sote tulilijua kwa moyo, maana hakuna aliyekuwa hajaambiwa: "Muntu muzima anaweza kungoja."

Fuaye kwake kulikuwa na kanuni za ajabu. Vitambaa vya meza vilidariziwa huko kwa nyuzi za rangi, na vitabu vya mifano vilivyotoka Ulaya vilijaa maua makubwa ya waridi. Alivifunga vyote kabatini. Msichana akichora ua ambalo halioti kwetu, kitambaa kinafumuliwa. "Hii ua ulishaikuta mu shamba ya nani?" Ndiyo maana meza nyingi za Masisi miaka ile zilikuwa na maua ya maharage, majani ya viazi, na ng'ombe walioshonwa kwa nyuma, kwa sababu wasichana wanaochunga humwona ng'ombe zaidi kwa nyuma. Mimi ninacho kimoja mpaka sasa, na nakiona kizuri kuliko waridi zote.

Na bado, mama huyo aliyefundisha watu kuchora kwa sindano hakutaka picha nyumbani kwake. Kuta zilikuwa tupu, hata kalenda ya misheni hakuitundika. Nilimwuliza sababu. Akasema picha ina macho, inakuona umeingia, na haiitikii. Ina mdomo lakini haili. Ukae na mtu wa namna hiyo nyumbani kwako, utamfanya nini? Nilidhani anatania, kumbe ndivyo alivyoona.

Sasa niseme habari ya maharage, maana bila hayo huyu mama haeleweki.

Kwetu hatupandi harage la aina moja. Tunachanganya jekundu, la njano, jeusi, jeupe, na lile lenye madoa kama kanga. Mvua ikizidi, jekundu linaoza na jeusi linasimama. Jua likizidi, mambo yanageuka. Anayepanda rangi moja tunamwonea huruma mapema. Kwa hiyo kabla ya kupanda, mbegu zinamwagwa kwenye lungo, ule ungo mpana wa kupepetea, na mwenye nyumba anazikoroga kwa mikono miwili mpaka hakuna rangi iliyobaki peke yake. Ni kazi ya furaha, watu huimba. Mama Monitrisi aliifanya kimya, polepole, na msimu mmoja nilipovuka mfereji kuomba mbegu nilimkuta analia juu ya lungo.

"Nilikuwa na mudogo wangu," alisema, kabla sijauliza. "Yeye hakuweza kuona hii."

"Kuona nini, Mama?"

"Maharagi kuchanganyika."

Akanieleza. Huyo mdogo wake alikuwa mtu mzima, na shamba lake, mkimya lakini mchapa kazi. Msimu mmoja akaanza kutenganisha mbegu. Alizipanga kwenye lungo kwa miduara, nyekundu katikati, njano ikizizunguka, halafu nyeusi, na kila harage alilielekeza jicho lake juu, lile doa dogo ambapo chipukizi hutokea. "Haragi isilale kifudifudi," ndivyo alivyosema, "itakosa kuona fasi ya kutokea." Watu walicheka mwanzoni. Mbegu za nyumbani zilipokwisha akaanza kuingia nyumba za majirani kutenganisha za kwao, na majirani hawakucheka tena. Walimpiga. Siku nyingine walimfunga kamba.

"Nilikuwa na haya," Mama Monitrisi akaendelea. "Siku moja nikakamata lungo mu mikono yake. Nikarudisha yote pamoja, mbele ya macho yake, nikakoroga. Nikamuambia haragi ni haragi. Hakunijibu kitu. Asubui hakukuwa tena mu nyumba."

Walimtafuta. Kisha ikaja ile miaka ya vurugu, barabara zikafungwa, watu wakapotezana hata wenye akili timamu, nani angetafuta mwenda wazimu?

"Sijue kama iko muzima," akasema, akikoroga. "Lakini kama iko, iko anajua dada yake alimukatala. Ile njo inaniua, Mwalimu. Asinijue tena kama dada."

Nilichukua mbegu nilizopewa nikarudi nyumbani, na tangu hapo nilielewa kwa nini kila kamioni iliyopanda kutoka Walikale ilimkuta kando ya barabara. Wengine waliulizia mawese na chumvi. Yeye aliuliza swali moja: je, kuna mahali mmemkuta mtu anatenganisha maharage? Hakuulizia mwenda wazimu, kwani soko gani halina wa kwake? Madereva walicheka, wakampa jina la Mama Haragi, na yeye aliwasalimia hivyohivyo, mmoja mmoja, akawauliza habari za mama zao.

Mmoja wao, Shofere mnene wa kamioni ya mbao, hakumcheka. Likizo moja ya Pasaka mwalimu mwenzetu alikuwa anaoa Walikale, na Shofere alikubali kunishusha. Mama Monitrisi alipokuja na swali lake, Shofere alikuna kichwa.

"Maharagi sijaona, Mama. Lakini mbele ya Walikale, mu hangari ya zamani ya kahawa, kuko munganga mwenye kuchunga bagonjwa ya kichwa. Ku mulango baliandika mize. Batu banapita, banasimama kuona."

"Kuona bagonjwa?"

"Kuona akili yabo. Njo vile banasemaka. Picha za akili."

Mize ni makumbusho, nyumba ya kutazamia vitu. Nilijaribu kumfafanulia hivyo, lakini alikuwa ameshaondoka. Alikuwa amesikia kuna wagonjwa, na hilo lilimtosha. Kesho yake tulimkuta barabarani na chungu kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kumwona navyo, maharage na ndizi kwa watu asiowajua idadi, na kitunga cha mbegu kavu begani.

Nilisafiri nimebanwa kati ya mlango na kile chungu. Tuliondoka na baridi na makoti, tukashuka, tukashuka, mpaka migomba ikaisha na msitu ukatufunika na jasho likaanza. Kamioni ilizama kwenye matope, mimi nikasukuma na wasafiri wa juu, yeye akabaki amekipakata chungu. Harufu ilimtesa Shofere njia nzima.

"Mama, hata kidogo tu?"

"Uko mugonjwa, Papa Shofere?"

"Apana."

"Basi ungoje."

Hangari lenyewe, ghala la zamani la kahawa, lilikuwa refu, la mabati, limepakwa chokaa nyeupe mbele na kuachwa hivyohivyo nyuma. Aliyetupokea alikuwa munganga, yaani daktari, kijana mwenye koti jeupe na maneno mazuri. Alitueleza mlangoni kwamba wagonjwa wake walianza kuchora kwa makaa ukutani, yeye badala ya kuwakaripia akawatafutia karatasi na mbao. Alitaka watu wajue kwamba aliyeitwa mwenda wazimu naye ana mawazo, yanaweza kutundikwa na kutazamwa. Aliongea vizuri kweli, na nilimpenda. Nilikuwa sijawahi kuingia makumbusho, nikavua kofia.

Mama Monitrisi aliingia na chungu kichwani, akasimama katikati, akageuka huku na huku akitafuta vitanda.

"Bagonjwa bako wapi?"

"Hizi njo kazi zao, Mama," Munganga akasema. "Kila picha inaonesha mambo iko mu kichwa ya muntu. Unapita, unaangalia pole pole."

"Nilileta chakula."

Munganga alinitazama mimi, kama vile mimi ndiye niliyepaswa kueleza. Shofere aliyetufuata nyuma akapasuka kicheko. Na hapo nilimwona Mama Monitrisi akifanya kitu ambacho hata leo sijui nikiite nini. Alitua chungu sakafuni. Akafuta mikono kwenye kitenge. Alikuwa ameingia nyumba ya watu, na nyumba ya watu husalimiwa. Akaiendea picha ya kwanza, nyumba isiyo na mlango iliyochorwa kwa makaa, yenye macho dirishani. Akagusa ubao wake.

"Jambo. Ulilala muzuri?"

Akangoja. Akaenda kwenye ya pili, barabara inayoingia mtoni na kamioni chini ya maji. "Jambo. Pole na safari." Karatasi moja ilikuwa imejaa mvua tu, mistari juu ya mistari mpaka karatasi imetoboka. Hapo alikaa zaidi. "Jambo. Ile mvua itakwisha." Yeye aliyekataa picha nyumbani kwake kwa sababu haziitikii, alizisalimia zote, na kila moja aliipa muda wa kuitikia. Nilipogeuka nilimkuta Shofere naye amevua kofia.

Mwisho wa ukuta hakusalimia. Alisimama.

Palikuwa na ubao mpana, si wa rangi wala makaa. Ulikuwa wa maharage, yamebandikwa kwa utomvu wa mti, nyekundu katikati, njano imeizunguka, halafu nyeusi, halafu nyeupe, mduara ndani ya mduara mpaka pembeni. Ulikuwa mzuri wa kukatisha pumzi. Mama Monitrisi alipitisha kidole juu yake taratibu, harage kwa harage, nami nikaona alichokuwa anakitafuta. Kila moja lilikuwa na jicho lake juu. Hakuna hata moja lililolala kifudifudi.

"Mwenye hii iko wapi?" akauliza.

"Iko nyuma, na benzake. Lakini Mama, bageni habaingie kule. Na huyu hapendi batu. Hasemi. Hata jina hatulijue, tunamuita Papa tu."

"Munaleta batu kuangalia mu kichwa yake," alisema, "na yeye mwenyewe hakuna muntu anamusalimia?"

Munganga akatoa ufunguo mfukoni.

Nyuma kulikuwa na ua wa udongo na kibanda kirefu, na watu wamekaa kwenye kivuli, kila mmoja na upande wake. Alianza na mkono wa kwanza, akaenda wa pili, akaenda wa tatu. Wengine waliushika, wengine waliuangalia. Akafunua chungu akawagawia wote, na nilimshangaa kwa sababu yule aliyekuwa akimtafuta miaka yote alikuwa pale pale, mzee mwenye mvi aliyekaa ameuelekea ukuta, na Mama hakumkimbilia. Alimfikia zamu yake ilipofika.

"Jambo, mudogo wangu."

Hakugeuka. Hakuushika mkono. Alipokea sahani, akala akiangalia ukuta. Mama Monitrisi akachuchumaa kando yake, mkono wake bado uko hewani, na mimi niliyeuzoea mkono ule usiokataliwa na mtu niliona uchungu nikaangalia chini.

Aliomba lungo. Munganga akaleta. Akamwaga zile mbegu kavu kutoka kitungani, zimechanganyika kama tunavyochanganya sisi, akalisogeza lungo mbele ya yule mzee. Hapo tu ndipo macho yake yalipohama ukutani. Vidole vikaanza. Nyekundu katikati. Njano. Kila moja anaigeuza jicho juu.

Baada ya muda dada yake akachukua harage jeusi, akaliweka kwenye nyeusi. Yule mzee akaliondoa, akaliweka tena palepale, jicho juu. Dada akaleta lingine, safari hii jicho likiwa juu. Hakuliondoa. Wakaendelea hivyo bila neno, yule aliyewahi kukoroga na yule aliyekorogewa, wanatenganisha pamoja, na machozi ya Mama Monitrisi yakidondoka kwenye maharage. Yaliyolowa mzee aliyafuta kwa shati lake kabla ya kuyapanga.

Shofere, aliyekuwa amerudi kwenye kamioni, akapiga honi barabarani. Nikamgusa Mama Monitrisi bega.

"Mama, tuende."

"Muende."

"Na wewe?"

"Anaona maharagi, Mwalimu. Miye hajaniona bado. Sijue kama ananijua." Hakuinua macho. "Uambie Direkta, batoto ya fuaye bako bazima. Muntu muzima anaweza kungoja."

Nilimpelekea Direkta maneno hayo, na sitasimulia alivyoyapokea. Fuaye ilipata monitrisi mwingine, msichana mzuri, na maua ya waridi yakatoka kabatini. Bustani ya ng'ambo ya mfereji niliilima mimi. Jumamosi zilikuwa tupu kwa namna nisiyoitarajia, na nilipougua kweli, homa ya kulala mchana, nilijikuta nasikilizia mlangoni. Hakuja mtu na chungu. Nilimkosa mama yule kwa hasira, kama mtu anavyomkosa aliye wake.

Ilipita misimu ya kutosha kabla sijapata tena kamioni ya kunifikisha kule. Dereva alikuwa Shofere yuleyule, amezidi kunenepa. Mke wangu alinipikia chungu bila kuombwa, na njia nzima nilikipakata mwenyewe, na Shofere alipoulizia kidogo tu nilimwuliza kama ni mgonjwa.

Nilimkuta uani anafundisha wagonjwa kudarizi. Alikuwa amekonda, nywele zimekuwa nyeupe, na mkono ukatangulia kama zamani. Nililala vizuri? Mke wangu? Maharage yametoa maua? Nilipoweka chungu chini alikikodolea macho, akakifunua, akanusa, akasema maharage yamezidi chumvi. Nikafurahi mno.

Mdogo wake alikuwa kwenye kivuli kilekile, na lungo mapajani. Nilimsalimia. Hakugeuka.

Nilijizuia, nikashindwa, nikauliza.

"Mama, alishakutambua?"

"Hajasema neno. Tangu ile siku mupaka leo."

"Hata jina lako?"

"Hata moja."

Alisimama, akajifuta mikono, akanishika mkono kunipeleka ndani ya hangari. Picha zilikuwa zimeongezeka, na kwenye kuta sasa palikuwa na kazi ya sindano ya wanafunzi wake wapya. Alizisalimia kwa haraka tukipita, kama majirani. Mwisho wa ukuta, kando ya ule ubao wa zamani, palitundikwa mwingine, mpya, utomvu bado unanukia. Ulikuwa na miduara ileile, nyekundu, njano, nyeusi, nyeupe, kila jicho juu.

Lakini karibu na katikati palikuwa na mahali padogo, kama upana wa kiganja, palipoharibika. Rangi zote zilikuwa zimechanganyika hapo, jekundu juu ya jeusi, la madoa limelala ubavu, mengine kifudifudi kabisa, kama yalivyo kwenye lungo lililotoka kukorogwa.

"Hapa mbegu zilimwagika?" niliuliza.

"Munganga naye alifikiri vile. Akataka kurekebisha." Alicheka kidogo. "Alipigwa ku mukono na mudogo wangu."

Nilitazama tena. Miduara yote ilikipita kile kiganja bila kukigusa, ikikizunguka kwa uangalifu, imekiachia nafasi. Mama Monitrisi alisimama nyuma yangu, na nilisikia anavyopumua.

"Pale njo miye," alisema.

Nikausogelea ubao.

"Salimia basi, Mwalimu. Uliingia mu nyumba ya batu."

Nikanyoosha mkono, nikaweka vidole juu ya yale maharage yaliyochanganyika.

"Jambo, Mama Monitrisi. Ulilala muzuri?"

Nikangoja, kama alivyonifundisha. Na nyuma yangu akaitikia.